Sauti za Kifipa, na Namna Tunavyoitana

Kalamu ilipofika katika nchi yetu ya Ufipa ilikuwa imekwisha kuchongwa. Ilichongwa pwani, kwa ajili ya lugha ya pwani. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha kuandikia vitabu, na tangu mwaka 1930 kamati ya nchi nne za Afrika Mashariki ikasimamia namna ya kuendeleza maneno yake. Kalamu hiyo yafaa sana kwa kazi iliyochongewa, wala sisi walimu hatuna neno juu yake, maana ndiyo inayotulisha. Lakini kila tuitumiapo kuandika Kifipa, kitu fulani hubaki nje ya karatasi. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kitu hicho ni nini, kwa kuwa watoto wengi wa siku hizi, hasa wale wa mjini, wajifunza hata maneno ya bibi zao kwa kuyasoma yalivyoandikwa, si kwa kuyasikia yakisemwa.

Tuanze na jina la mji wenyewe. Sumbawanga ni maneno mawili ya Kifipa yaliyounganishwa: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi au dawa za uchawi. Wazee hueleza kuwa ni amri: tupa uchawi wako. Mswahili wa pwani akilisikia jina hili hudhani amelifahamu nusu, maana kwake yeye wanga ni watu, ni wale wachawi wa usiku, na mmoja wao ni mwanga. Kwetu wanga si watu, ni kitu. Na Wabemba wa Zambia kitu hicho hukiita ubwanga. Tazameni basi: Wabemba wana b katika neno hilo, nasi hatuna. Imeyeyuka. Wabemba na Waganda husema abantu, Waswahili wakasema watu, na sisi twasema aantu. B ile ile imeyeyuka tena.

Je, Wafipa hawawezi kutamka b? Wanaweza, na jina la mji lashuhudia. Katika sumba b imekaa imara, kwa sababu m imeishika mkono. Milima ya Mbizi iliyo juu ya mji, maporomoko ya Kalambo mpakani, na Wamambwe jirani zetu, wote wana b iliyoshikwa na m vivyo hivyo. B iliyosimama peke yake katikati ya vokali ndiyo iliyopotea. Kwa hiyo katika jina moja la mji, linaloandikwa kila siku juu ya mabasi na magunia ya mahindi, mna kanuni nzima ya sauti za lugha yetu, nusu ya kwanza ikionyesha b inapobaki na nusu ya pili ikionyesha inapokwenda. Tumepata kuwaonyesha watoto wa darasa la sita jambo hili ubaoni, nao walifurahi kuliko walivyofurahia somo lo lote la sarufi mwaka ule.

Majina mengine mawili yafaa kutazamwa. Karibu na Sumbawanga kipo kijiji cha Milanzi, kilichokuwa makao ya watawala wa kale wa Ufipa kabla ya wale wanawake watatu wageni wasimuliwao katika hadithi, ambao ukoo wao wa Watwachi ulitwaa enzi. Na upande wa kaskazini ipo wilaya ya Nkasi, iliyopewa jina la mojawapo ya falme mbili za Ufipa, ya pili ikiwa Lyangalile. Hivyo ndivyo yaandikwavyo serikalini: Milanzi, Nkasi. Lakini Roy Willis, mtaalamu Mwingereza aliyekaa Ufipa tangu mwaka 1962 mpaka mwaka 1964, aliyaandika kama alivyoyasikia: Milansi, Nkansi. Yote mawili yana sauti moja, n ikifuatwa na s. Sasa Kiswahili, katika maneno yake ya asili, hakipendi n na s zikae pamoja. Ndipo karani alipofika Milansi akaiacha n na kuigeuza s kuwa z, na karani mwingine alipofika Nkansi akaiacha s na kuifukuza n. Ugonjwa ni mmoja, waganga wawili, dawa mbali mbali. Hatusemi ramani zibadilishwe. Barua zingepotea na hati za mashamba zingeleta fitina. Twasema tu kwamba mtoto wa Nkasi apaswa kuambiwa jina la kwao lilikuwa na sauti ya pua ndani yake kabla halijafika ofisini.

Juu ya l na r hatutakawia. Kila mwalimu aliyepata kufundisha huku ajua taabu ya kura na kula. Kwa Mfipa sauti hizo si mbili, na mtoto aandikapo kuwa wananchi walikwenda kupiga kula, hakuna aliyekula cho chote.

Kuna neno moja ambalo twalipenda kwa sababu ya sauti zake, ingawa maana yake si njema. Mchawi kwa Kifipa ni unndosi, na wachawi ni aalosi. Msomaji asiyejua Kifipa ataona kama ni maneno mawili yasiyo na udugu. Ni moja. Shina ni losi, nalo ni ndugu wa mlozi wa Kiswahili. Pale Kiswahili kilipoweka z, Kifipa kimeweka s, kama katika Milansi. Katika wingi shina hilo laonekana wazi. Katika umoja limevaa nguo nyingine: ile mu ya kale imepoteza u yake, kama Kiswahili kilivyofanya muntu kuwa mtu, kisha m ikageuka n ili ilingane na sauti inayofuata, na l ilipoguswa na n ikawa nd. Jambo hilo la mwisho halipasi kumshangaza Mswahili, maana yeye mwenyewe asema ulimi na ndimi, wala haoni ajabu. Tofauti ni kwamba Kifipa huivuta ile n puani muda mrefu kabla ya kuiachia d. Ndiyo sababu ya kuiandika mara mbili.

Na vokali nazo huvutwa. Hapo ndipo penye shida kubwa, na hapo ndipo sisi watatu tulipotofautiana.

Tulikuwa tumekubaliana kuandika daftari la maneno ya Kifipa kwa ajili ya shule. Mmoja wetu alitaka tuandike kwa tahajia ya Kiswahili tu, aalosi iwe alosi, taata, yaani baba, iwe tata, ili mtoto asichanganyikiwe. Hoja yake ilikuwa na nguvu: mtoto mwenye kalamu moja asipewe mbili. Tukaenda kwa bibi mmoja mzee, kijiji kimoja karibu na Milanzi, tumsomee maneno ishirini hivi tuliyokwisha kuandika kwa namna hiyo, atuambie kama ni sawa. Alikuwa akipura ulezi, akatukaribisha, akaketi kutusikiliza. Tulipomaliza alinyamaza kidogo, akasema, “Walimu wanangu, mbona mwakimbia? Nani anawafukuza?” Kisha akayasema maneno yale yale mwenyewe, polepole, na kila aliposema mjukuu wake aliyekaa mlangoni aliinua kichwa. Tulipoyasoma sisi mtoto yule hakuinua kichwa hata mara moja. Tuliliona jambo hilo sote watatu, na tuliporudi njiani hapakuwa na ubishi mrefu.

Kuandika vokali mara mbili si uzushi. Kiswahili chenyewe chafanya hivyo kinapoona haja. Kufa si kufaa. Mtu akiandika kwamba dawa ya ng’ombe imekufa badala ya imefaa, habari imegeuka. Waganda, ambao lugha yao ina vokali fupi na ndefu kila mahali, walikubaliana mwaka 1947 juu ya tahajia ambayo vokali ndefu huandikwa mbili, kwa kuwa kwao okusiba ni kufunga kwa kamba na okusiiba ni kushinda na njaa. Willis naye aliandika Kifipa hivyo. Hatuoni sababu ya kutofuata njia iliyokwisha kulimwa. Wakikuyu na Wanyakyusa, ambao vokali zao ni saba, walihitaji kupamba herufi kwa alama za pekee, nao wamefanya vyema. Sisi hatuhitaji kufika huko. Herufi tulizo nazo zatosha, mradi tusizionee uchoyo.

Kupanda na kushuka kwa sauti ni jambo la namna nyingine. Kifipa, kama lugha nyingi za Kibantu, huimba maneno yake. Kiswahili ni mmoja wa watoto wachache wa ukoo huo walioacha kuimba, kikabaki kukaza silabi ya pili toka mwisho. Twaona kwamba kuweka alama juu ya kila silabi kungemchosha mwandishi na kumtisha msomaji. Alama iwekwe pale tu maneno mawili yanapogongana. Mahali pengine aliyezaliwa na lugha ataimba mwenyewe, na ambaye hakuzaliwa nayo itambidi aende kusikiliza. Wenzetu wengine hawakubaliani nasi katika hili, na hiyo ni haki yao.

Tumesema juu ya sauti. Sasa twaja kwenye maneno ya nafsi, yaani mimi, wewe, yeye na wenzao, maana huko kilichobaki nje ya karatasi si sauti tu, ni heshima.

Lugha zetu za Kibantu hazimtofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi. Mswahili asema amekuja, na Mfipa vilevile. Aliyekuja huenda ni kaka au dada, na lugha haiulizi. Wazungu huuliza. Ndiyo sababu mtoto wa huku anapoanza Kiingereza humwita mama yake kwa neno la mwanamume, darasa likacheka, naye asijue kwa nini. Si ujinga. Amefundishwa tangu tumboni kuwa mtu ni mtu kwanza.

Lakini kuna jambo ambalo Kifipa huuliza na Kiswahili cha vitabu hakiulizi: je, huyu ni mkubwa wako? Katika nyanda hizi za kusini magharibi mtu mzima haambiwi kwa neno la mmoja. Mtoto hamwambii babu yake “umelalaje?” Humwambia kwa mu, ambayo ni ya wengi, ingawa babu yu peke yake kitandani. Wala haishii kwenye kumwambia tu. Hata katika kumtaja asipokuwapo, mkubwa hutajwa kama watu wengi. Watoto huihamisha desturi hiyo katika Kiswahili chao. Utawasikia wakisema “Babu wamefika,” “Mama wameniagiza chumvi.” Aliye mgeni hutazama nyuma ya mama kuona ni akina mama wangapi.

Pwani heshima hukaa katika shikamoo na katika jina la mtu: Bwana, Bibi, Mzee. Baada ya hapo babu huambiwa wewe bila kosa. Huku kwetu heshima imefumwa ndani ya kitenzi chenyewe, wala huwezi kufungua kinywa usiitaje au usiiache.

Shuleni desturi hizi mbili hukutana, na mara nyingi mtoto ndiye anayelipa. Tuliwahi kuona insha ya msichana wa darasa la tano, katika shule ambayo hatutaitaja. Alikuwa ameandika habari za kifo cha babu yake. Ilikuwa insha fupi, nzuri, isiyo na madoido. Aliandika, “Babu waliugua siku nne. Walituita, wakasema tusigombane kwa ajili ya shamba. Kisha walilala.” Mwalimu aliyesahihisha alipigia mstari mwekundu kila wa, akaandika a juu yake, mara tisa, na pembeni akaandika: umoja na wingi. Kwa sarufi ya kitabu mwalimu yule alikuwa na haki, na mtihani ungempa haki hiyo. Lakini tulipolisoma karatasi lile tuliona kuwa mtoto alikuwa amemzika babu yake kwa heshima yote aliyofundishwa nyumbani, na wino mwekundu ukamvua marehemu heshima hiyo mara tisa. Msichana alikuwa ameinakili insha upya kwa usafi, a zote zikiwa mahali pake, akapewa alama za juu.

Hatusemi mitihani igeuzwe. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi, nacho kimetupa jambo kubwa: Mfipa, Mmambwe, Mrungu, Mnyiha na Msukuma aliyehamia bonde la Rukwa na ng’ombe wake wapatana bei sokoni bila mkalimani. Ila twadhani mwalimu aweza kumwambia mtoto maneno mawili: “Hili si kosa la hesabu, ni desturi ya kwenu, katika mtihani andika a.” Yachukua muda mfupi kuliko kupiga mistari tisa.

Tena wale wanaoona aibu juu ya desturi hii wangezitazama lugha za wakubwa. Mfaransa humheshimu mtu mmoja kwa neno la wengi. Mjerumani, aliyetawala nchi hii na kuiita Kasanga kwa jina la Bismarckburg, humheshimu mtu kwa neno la “wao”, sawasawa na yule msichana, ila yeye huliandika kwa herufi kubwa na hakuna amwekeaye wino mwekundu. Na Mwingereza amekwenda mbali kuliko wote: neno lake la leo la kumwambia mtu mmoja lilikuwa zamani la wengi tu, na lile la mmoja amelitupa, hata hivi leo humwambia mbwa wake kwa neno lililokuwa la heshima.

Nafsi moja zaidi yatuhusu sisi tuandikao, maana makala hii yote twasema “sisi”. Je, msomaji yumo katika sisi hiyo, au yuko nje? Kiswahili hakisemi. Kifipa nacho, kwa tu yake, hakisemi. Ziko lugha zisemazo. Katika nchi ya Papua New Guinea, kaskazini ya Australia, ambako huhesabiwa lugha zaidi ya 800, nyingi zikiwa za mabonde ya milimani, watu wa makabila mbali mbali huzungumza kwa Tok Pisin kama sisi tuzungumzavyo kwa Kiswahili. Humo yumi ni sisi pamoja nawe unayesikiliza, na mipela ni sisi bila wewe. Tena wanalo neno la sisi wawili, mimi nawe tu: yumitupela. Mtu akisema shamba ni letu, yule msikilizaji ajua mara moja kama naye ana haki ya kuvuna. Kesi ngapi za mipaka zingefupishwa huku kwetu kama tungekuwa nalo!

Hata hivyo Kiswahili hakikukosa kabisa. Mtu akiwaambia wenzake “twende”, huenda anamwita mmoja. Akisema “twendeni”, amewaita wengi wafuatane naye. Ile ni ya mwisho yatenda kazi ambayo sarufi za shule huipita mbio. Wasomaji na waisikilize kesho asubuhi watakapoitana kwenda shamba.

Daftari letu lingalipo, nalo linaongezeka. Lugha ya Kifipa imetajwa katika Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na nyingine zaidi ya mia moja. Askofu Adolphe Lechaptois aliandika juu ya Wafipa kwa Kifaransa katika kitabu cha mwaka 1913, na hadithi zetu alizozikusanya Willis zilitolewa Uingereza mwaka 1978, zikisomwa kwa Kiingereza. Wote walifanya kazi ya maana. Lakini mjukuu wa yule bibi hasomi Kifaransa, na Kiingereza chake ni cha darasa la tatu.

Kwa hiyo twaomba. Wasomaji wa Nkasi, wa Kalambo na wa pande zote za uwanda, wenye wazee wanaokumbuka maneno ya kazi ya chuma, ya zile tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, na maneno ya kutengeneza matuta ya kufukia majani, watuandikie. Wasijali kama kijiji cha pili husema tofauti. Icikwa si Icikandaasi, wala hatutafuti kipi ni sahihi. Waandike jina la kijiji, umoja na wingi wa kila neno, na pale mzee anapoivuta sauti waandike herufi mbili. Wamsomee tena alichosema, na kama atawauliza nani anawafukuza, wafute, waanze upya.